Kigutu cha Kimeo

Nikisimama mbele ya kioo na kupanua mdomo, kule nyuma ambako wengine wana kimeo kinachoning'inia, mimi nina kigutu. Kilikatwa Kipini nikiwa na miaka mitano hivi. Nilikuwa nakohoa usiku, na majirani walikwisha kumwambia bibi yangu kwamba kimeo changu kimekuwa kirefu, kinagusa koo. Alikuja mzee mmoja na kisu chembamba kilichopinda ncha mfano wa mundu. Bibi alinipakata, akanibana kichwa kifuani kwa mikono iliyonuka kamba. Maumivu nimeyasahau. Ladha ninayo mpaka leo: chuma, kisha chumvi ya kusukutulia, kisha damu yangu mwenyewe, ya vuguvugu.

Usiku ule sikuweza kumeza hata uji. Ili nilale, bibi alinisimulia habari za shujaa Fumo Liyongo, ambaye wazee wetu huonyesha kaburi lake hukuhuku kwetu, upande wa Ozi. Mikuki haikumpata, mishale haikumpata, mpaka mwanawe wa kumzaa alipomdunga sindano ya shaba kitovuni. Nilimwuliza kwa kunong'ona: kwa nini shaba? Bibi akafikiri kidogo, akasema, "Kila mwili una chuma chake, mwanangu. Lala."

Baada ya juma moja nilikuwa nakula muhogo wa nazi kama kawaida. Kikohozi kilibaki palepale, kwa sababu kimeo hakina kosa lolote katika kikohozi cha mtoto. Hilo nilikuja kulijua baadaye sana. Mwaka uleule nilijikata muundi wa mguu kwa panga, nikichonga mashua ya kuchezea. Jeraha lile lilikuwa dogo kuliko la kooni, lakini lilikaa wazi mwezi mzima, na kovu lake ninalo, linang'aa, limeinuka, refu kama kidole cha mtoto. Mwili ni mmoja, damu ni moja, mwaka ni mmoja. Mdomo ulisahau, mguu ukakataa kusahau. Nadhani kazi yangu yote ya miaka thelathini na kitu ilitoka katika swali hilo, ingawa wakati ule sikujua kama ni swali.

Kipini, kwa asiyeijua, ni mji mdogo pale Mto Tana unapomwagika baharini, kwenye Ghuba ya Ungwana. Neno lenyewe lina maana mbili ninazozipenda: kipini ni mpini mdogo, wa kisu kwa mfano, na kipini ni pambo la puani. Bibi alikuwa navyo vyote, cha dhahabu puani na cha mti wa mkoko mkononi, na kisu chake cha samaki hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Alikinoa kila alfajiri juu ya jiwe. Alisema kisu kibutu huirarua nyama ya nguru, ikaanza kuvuja maji na kuharibika kabla ya adhuhuri. Kikali huiacha imefumba, kana kwamba haijui imekatwa. Baadaye nilikaa darasani mihula kadhaa nikifundishwa jambo hilohilo kwa maneno marefu.

Nilisomea uafisa wa kliniki katika chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, nikafanya kazi, kisha nikarudi Nairobi kusomea masikio, pua na koo. Siku ya kwanza ya somo la visu mwalimu alimwaga mezani vipakiti vya karatasi ya fedha, kila kimoja na wembe na namba yake. Namba 10 ina tumbo nene, ya ngozi. Namba 11 ina ncha kama mkuki, ya kupasulia jipu. Namba 15 ni ndogo, ya usoni na mdomoni. Nilipochana kipakiti cha namba 12 nikanyamaza. Wembe umepinda kama mundu, makali yako ndani ya kipindo, ili uweze kuzunguka nyuma ya jino au kuingia penye kona ya fizi. Nilikuwa nimekwisha kuuona wembe huu mkononi mwa mzee wa Kipini. Wa mwalimu ulitupwa baada ya mgonjwa mmoja. Ule wa mzee ulikuwa umepita makoo mangapi kabla ya langu, Mungu ndiye ajuaye. Baada ya mwaka 1984, Kenya ilipothibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI, nililala usiku mwingi nikiwaza kisu kile na watoto waliokuja nyuma yangu.

Mwalimu wetu wa theta, yaani chumba cha upasuaji, alikuwa mtu wa maneno machache. Kanuni yake ilikuwa na maneno manne: "Ngozi kisu, chini moto." Yaani fungua ngozi kwa wembe, na ukishaingia ndani, kwenye mafuta na nyama yenye mishipa ya damu, chukua dayathemi, kisu cha umeme. Mashine hiyo ilianza kutumika Boston tarehe 1 Oktoba 1926, pale Harvey Cushing alipomtoa mgonjwa uvimbe ambao siku chache kabla alikuwa ameuacha njiani kwa kuogopa damu. Kifaa kilikuwa cha William Bovie. Umeme wa nyumbani kwetu hugeuka mara 50 kwa sekunde na humtetemesha mtu. Ule wa dayathemi hugeuka zaidi ya mara 300,000, kasi ambayo mishipa ya fahamu haiwezi kuifuata, kwa hiyo unapita mwilini bila kumrusha mgonjwa, ukiingilia kwenye ncha iliyo mkononi mwako na kutokea kwenye bamba lililobandikwa pajani mwake.

Kinachotokea kwenye ncha ile ndicho nilichochelewa kukielewa, japo nilikipasi katika mtihani. Wembe mkali hupita katika nyama kama mwanamke anavyopasua ukindu: seli za mstari ule hufa, jirani zake wa kushoto na kulia wazima. Damu inatoka kwa sababu mishipa imeachwa wazi, na damu hiyohiyo inaganda na kuanza kuziba. Moto una mwendo mwingine. Seli ni kifuko cha maji. Ukiipa joto la nyuzi 100 kwa ghafla, maji yanakuwa mvuke na kifuko kinapasuka. Huko ndiko kukata. Ukiipa joto la polepole, nyuzi 60 au 70, haipasuki, inaiva, utomvu wake unaganda kama ute wa yai kikaangoni; huko ndiko kuziba damu. Na joto halikai mahali ulipoliweka. Linasambaa pembeni, na ukichelewa mahali pamoja unaacha ukingo wa nyama iliyoiva pande zote mbili za mkato. Nyama hiyo haijengi kitu. Seli nyeupe lazima ziile kwanza, ziondoe kifusi, ndipo mafundi wa kovu waanze kazi.

Siku za mwanzo nilishindwa kula mishikaki. Harufu ni ileile. Siku hizi tunajua moshi ule una kemikali mbaya, na ukichoma chunjua waweza kubeba hata vipande vya virusi, kwa hiyo unafyonzwa kwa mpira. Sisi tuliuvuta tu.

Nilikuja kuupenda moto kupita kiasi, sitaficha. Mdomo una damu nyingi kuliko sehemu yoyote niliyowahi kukata. Ukigusa ulimi kwa wembe, kisima kinafunguka. Huoni unachokata, mgonjwa anameza damu, muuguzi anakutazama. Ukigusa kwa dayathemi, pakavu. Kijana anayeanza kazi hupenda pakavu, maana panamfanya aonekane fundi.

Septemba 1997 nilikuwa nafanya kazi katika hospitali moja ya pwani, sitaitaja. Akaja bibi mmoja kutoka upande wa kwetu, mtafunaji wa tambuu tangu ujana, midomo myekundu, kijaluba chake cha bati kimefungwa pembeni mwa leso. Ndani ya shavu la kushoto, pale alipozoea kuliegemeza tonge lake la jani, popoo, chokaa na tumbaku, palikuwa na bamba jeupe lisilofutika. Nililiogopa, na nilikuwa na haki ya kuliogopa: popoo peke yake, hata bila tumbaku, husababisha saratani ya mdomo. Nikamwambia nitachukua kipande kidogo kipelekwe maabara.

Nilikichukua kwa dayathemi. Damu haikutoka hata tone. Bibi alishangaa, akanisifu: "Mkono wako mwepesi, daktari." Nikatia kipande kwenye chupa ya fomalini, nikajaza fomu, nikamwambia arudi baada ya majuma matano. Jioni nilijisikia mtu.

Jibu lilikuja mwishoni mwa Oktoba, mistari mitatu. Mtaalamu wa maabara alisema kipande kimeungua. Seli za pembeni zimevutwa na kurefuka kama nyuzi, viini vyake havisomeki, hawezi kusema kama zimebadilika kwa ugonjwa au kwa joto. Aliomba kipande kingine, na alikuwa muungwana wa kutosha kutouliza nani alikata. Kipande chenyewe kilikuwa kidogo kama mbegu ya papai. Moto ulikula milimita upande huu na milimita upande ule, ikabaki nini cha kusoma? Jambo hili limeandikwa katika vitabu vyote. Nililijua. Niliogopa damu ya dakika tano.

Majira yale ndiyo ya El Niño. Tana ilivunja kingo, Garsen ikawa kisiwa, na kutoka Kipini hakukuwa na gari lililofika popote. Ujumbe wangu kwa bibi ulipitia kwa mtu, kwa mtu mwingine, kwa nahodha wa mashua. Alinifikia Februari 1998. Miezi mitano mtu anakaa na bamba jeupe shavuni bila jina lake, kwa sababu mimi nilitaka pakavu.

Safari hii nilichukua wembe namba 15. Sindano ya ganzi yenye adrenalini, nikasubiri dakika kadhaa mishipa ijifunge, nikakata umbo la jani dogo lenye ncha mbili ili mshono ufumbe vizuri, nikashona nyuzi mbili. Damu ilitoka. Nilimpa pamba akaikandamiza kwa ulimi, na kwa muda tulioketi tukiingojea damu iondoke, akanihadithia mafuriko: nyoka juu ya miembe, mahindi yanaelea. Damu ikaenda zake. Jibu likaja safi: seli zimeanza kubadilika lakini hazijavuka utando wa chini. Aache tambuu, aonwe kila miezi mitatu.

Tangu hapo nikaanza kuyatazama majeraha yangu baada ya miezi mitatu badala ya kuyatazama mezani tu. Niliwaita watu warudi ambao hawakuwa na sababu ya kurudi. Ndipo nikaona mambo ambayo theta haioni.

Niliona kwamba mdomo una bahati yake. Mate yana viamsha-ukuaji, unyevu hauondoki, damu ni tele, na seli zinazojenga kovu humo ni za kabila jingine, hazina pupa kama za ngozi. Ndiyo maana kigutu changu cha kimeo kilipona kwa juma. Ndiyo maana pia moto husamehewa zaidi mdomoni. Jeraha la moto kwenye ulimi huanza kupona kwa kuchelewa siku chache, lakini mara nyingi hubaki laini, bila kuvuta wala kukunjamana. Wenye leza ya kaboni dayoksaidi, aliyoibuni Kumar Patel mwaka 1964, wanaliona hilo vizuri zaidi: mwanga wake hunywewa na maji, na nyama ni maji, kwa hiyo hukata juujuu, pakavu, bila uzi. Mimi leza sikuwahi kuishika. Kituo ambacho umeme ukikatika tunawasha tochi hakina haja ya kuiota.

Ila jeraha la moto mdomoni halifumbwi, huachwa wazi, na siku ya pili au ya tatu hufunikwa na utando mweupe wa manjano. Huo ndio bandeji yake. Nilimtoa mtoto mmoja uvimbe wa mate ndani ya mdomo wa chini, kazi nzuri, nikamwambia mama yake amsukutulishe maji ya chumvi. Siku ya nne akarudi naye akilia, damu kidevuni. Mama aliona "usaha", akaufuta kwa kitambaa na chumvi, akaufuta tena, kila asubuhi, kwa bidii ya mama anayejua wajibu wake. Kosa lilikuwa langu. Ningemkata kwa wembe na kushona, asingekuwa na cha kufuta. Nilipochagua moto nilipaswa kumweleza moto huacha nini.

Ngozi haina msamaha huo, hasa yetu. Sisi tulio weusi tuna ngozi inayojenga kovu kwa ukarimu mno, na keloidi hupenda ndewe, kifua na mabega. Kwetu wasichana hutobolewa masikio mapema, na zamani wanawake walitoboa tundu juu ya tundu kwenye ukingo wa sikio. Nimeona ndewe zenye uvimbe kama kungumanga baada ya sindano iliyopitishwa motoni na kusukumwa ikiwa bado ya moto. Ukiikata keloidi ile tu, kwa chombo chochote, mara nyingi hurudi, na wakati mwingine hurudi kubwa zaidi. Inataka sindano za dawa na kubanwa kwa miezi. Nikikata ngozi sasa, natumia wembe, kwa kufuata mikunjo yake, ile ambayo mtu yeyote huiona usoni mwa mzee anayecheka, na ambayo mara nyingi hukaribiana na mistari aliyoichora Langer wa Vienna mwaka 1861. Lazima niseme tafiti za baadaye zimempunguzia mwalimu wangu ukali. Kwenye mikato mikubwa ya tumbo, ngozi iliyofunguliwa kwa dayathemi ya kukata, kwa mkono wa haraka, haikuonyesha tofauti ya wazi ya usaha na ile ya wembe. Kasi ya mkono ina maana kuliko nilivyofundishwa. Ila mahali pembamba, kidole au uume wa mtoto wa jando, umeme wote hubanwa katika njia moja finyu, na dayathemi ile ya bamba la pajani haipaswi kufika huko kabisa.

Wavuvi ndio walionifundisha hesabu. Mtu akikatwa na kushonwa mkono ana swali moja: lini nitavuta jarife? Baada ya juma moja kovu la ngozi lina nguvu ndogo sana, asilimia 3 hadi 5 ya ngozi nzima. Baada ya majuma matatu, kama asilimia 20. Miezi mitatu, labda 80, na zaidi ya hapo haliendi. Nikimwambia mvuvi "umepona" siku ninayotoa nyuzi, nimemdanganya. Mmoja alivuta, kiganja kikafunguka majini kama chaza.

Vilevile wao hunikumbusha kwamba moto si adui. Mwiba wa taa una meno kama msumeno, unaingia vizuri na kutoka vibaya, na nyuma yake unaacha sumu. Kabla ya kugusa chombo chochote tunatumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa saa moja au zaidi, na mtu mzima aliyekuwa anapiga mayowe hunyamaza. Sumu ile haipendi joto. Kisha ndipo unakuja wembe, kusafisha kingo zilizochanika.

Kuhusu panga za mwaka 2012, wakati watu wa delta ya Tana walipokatana, sitaandika mengi. Panga ni zito. Hukata na kuponda kwa pamoja, na kingo za jeraha lake zinazoonekana nzima hufa siku ya tatu. Tulijifunza kutoshona haraka. Kilelengwani, ambako nako damu ilimwagika, si mbali na kwetu, na majeraha yalikuwa ya watu tuliowajua kwa majina.

Bibi wa tambuu alikuja kila miezi mitatu kwa miaka miwili. Kijaluba hakukiacha nyumbani, alikitia iliki. Mara ya mwisho nilipomwona nilikuwa nimehamishiwa karibu na kwetu, akanikuta kibarazani, akaketi kwenye mkeka, akapanua mdomo bila kuambiwa. Nilimulika kwa tochi. Bamba lilikuwa limepungua, limekuwa kama kivuli. Nilitafuta mahali pa wembe wa Februari, nyuzi mbili, nikapitisha kidole mara tatu, sikupaona. Mahali pa Septemba palikuwapo: kidoa kigumu kidogo, cheupe, ukubwa wa ufuta.

"Umeona nini, mwanangu?"

"Nimeona kazi yangu, bibi."

"Ipi?"

"Ile isiyotoka damu."

Akafunga mdomo, akachukua punje ya iliki, akaitafuna upande wa kulia.